Shimoni: Kijiji cha Pango na Mafumbo Yake

Katika pwani ya kusini ya Kenya kuna miji yenye sifa nyingi, na kuna vijiji ambavyo mtu akivitaja barani huulizwa, "Ni wapi huko?" Shimoni ni kimoja katika hivyo. Lakini nathubutu kusema kwamba toka Kiunga mpaka Vanga ni vijiji vichache vilivyokusanya mambo ya ajabu mengi hivi mahali padogo namna hii. Pana pango ambalo watu hawajakubaliana habari zake. Mbele yake pana kisiwa chenye bustani ya mawe. Nyuma ya kisiwa pana bahari yenye kina kikuu na viumbe vikubwa. Tena pana kumbukumbu ya mwandishi mashuhuri wa Marekani aliyefika hapo ameumia, akaondoka ameumia zaidi. Nimefika huko zaidi ya mara moja, na kila mara nimerudi na swali jipya. Leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za mahali hapo, nami nitajitahidi kutenga yale yaliyo yakini na yale yasemwayo tu.

NJIA YA KWENDA

Msafiri atokaye Mombasa huvuka Likoni kwa feri, akashika barabara iendayo kusini. Hupita Ukunda na njia ya Diani, hupita Gazi, palipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha hupita Msambweni penye hospitali. Mbele kidogo ni Ramisi, ambako miwa ililimwa miaka mingi mpaka kiwanda cha sukari kilipofungwa mwaka 1988, nacho kilimo hicho kikaja kufufuliwa na kampuni nyingine. Baada ya hapo njia ya Shimoni huacha barabara kuu iendayo Lunga Lunga na mpaka wa Tanzania, ikapinda kushoto kuelekea baharini. Safari yote ni kama kilomita 80.

Njiani utaona minazi, mikorosho na miembe, na mashamba ya mihogo ya Wadigo. Ukikaribia pwani udongo mwekundu hutoweka, na ardhi yote huwa mawe ya matumbawe, makali kama meno ya msumeno. Mkulima wa bara akiitazama ardhi hiyo hutikisa kichwa. Lakini juu ya mawe hayo umeota msitu wenye miti mikubwa, na ndani yake huishi mbega, kima wale weusi wenye manyoya meupe mabegani. Mizizi ya miti hupenya katika nyufa za jiwe kutafuta maji, na nyufa hizo ndizo mwanzo wa habari yetu.

JINA NA WATU WAKE

Jina la Shimoni halihitaji mkalimani. Ni mahali penye shimo. Chini ya kijiji mna mapango marefu, na mdomo wa lile lijulikanalo sana uko karibu kabisa na gati. Wataalamu wa ardhi hueleza kwamba jiwe lote la pwani hii zamani lilikuwa mwamba ulio hai chini ya bahari. Yapata miaka 125,000 iliyopita maji ya bahari yalikuwa juu kuliko leo. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu, ukafa, ukawa jiwe. Tangu hapo maji ya mvua yamekuwa yakipenya ndani yake, yakiyeyusha chokaa kidogo kidogo, mpaka yakachimba vyumba. Maji yale yale yakidondoka kutoka darini huacha chokaa nyuma yake, ndiyo maana mgeni huona mawe yaning'iniayo kama viwele vya ng'ombe.

Wenyeji wa hapa si wa kabila moja. Wako Wachifundi, waliotapakaa pia Funzi na Mkwiro. Wako Wavumba, ambao makao yao ni Wasini, Vanga na Jimbo. Na wako Wadigo, majirani wa siku zote. Kivumba na Kichifundi ni Kiswahili kwa asili, lakini mtu wa Nairobi akiwasikiliza wazee wakizungumza wao kwa wao, maneno mengi yatampita. Msomaji, ukifika na kumwamkia mzee "Shikamoo", naye akakuitikia "Marahaba, mwanangu", usiharakishe kuuliza habari za pango. Uliza kwanza habari za nyumbani, za pepo na za samaki. Pango halina haraka.

FUMBO LA PANGO

Basi, pango hili ni la nini? Habari zake zasimuliwa kwa namna tatu.

Habari ya kwanza husema kwamba ni gereza la watumwa. Wageni wengi wa nchi za mbali wameijua hii tu, na hata mwimbaji Roger Whittaker, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1936, alitunga wimbo uitwao kwa jina la kijiji hiki kuomboleza waliofungwa humo. Muongozaji huwaonyesha wageni vyuma vilivyokazwa katika jiwe, kisha huwaonyesha upande wa bahari, na kuwaeleza kwamba watumwa waliwekwa humo kungoja chombo.

Je, habari hii ina msingi? Tuipime kwa mambo tuyajuayo kwa yakini. Mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja ikang'oa mikarafuu mingi mno. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na bei ya karafuu ikapanda, hata wenye mashamba wa Pemba wakataka watu wa kuchuma kuliko wakati wowote. Lakini tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Uingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Tangu hapo wafanyi biashara hiyo wakawa wakipitisha misafara kwa miguu kandokando ya pwani, kisha wakivusha watu kwa siri usiku, mahali ambapo bahari ni fupi. Mwaka 1876 Sultani akapiga marufuku misafara ya nchi kavu pia, lakini magendo hayakwisha. Mwezi wa Desemba 1881 Kapteni Brownrigg, mkubwa wa manowari ya Kiingereza iitwayo London, aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi lililokuwa na watumwa ndani yake.

Sasa tazama ramani. Kutoka Shimoni, Pemba iko ng'ambo ya mlango mmoja wa bahari, na kwa upepo mwema jahazi huvuka kwa usiku mmoja. Kisiwa cha Wasini huikinga gati isionekane na vyombo vya doria vilivyoko nje. Mtu mwenye kutaka kuficha watu asingepata mahali panapofaa zaidi. Kwa hiyo habari ya gereza haina jambo lisilowezekana. Hata hivyo, "lingewezekana" na "lilitendeka" ni maneno mawili mbalimbali, na mwenye kuwapa wageni hesabu kamili ya watu waliopita humo aulizwe ameipata katika daftari gani.

Habari ya pili ni ya wazee wengi wa hapa. Wao husema kwamba pango lilikuwa ngome. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wamasai yalifika mpaka karibu na pwani, wakitafuta ng'ombe. Watu wa Shimoni waliposikia kelele za hatari walikuwa wakiingia chini ya ardhi pamoja na watoto wao na vitu vyao, wakakaa kimya mpaka adui aondoke. Pango lenye milango mingi na giza nene ni ngome isiyohitaji kujengwa.

Habari ya tatu haisemwi kwa sauti. Pango ni mahali patakatifu. Kama makaya ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake yaliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia, mapango ya hapa yana sehemu ambazo watu huenda kuomba, kutoa sadaka na kufukiza ubani. Utaona vitambaa na chupa za marashi zimewekwa penye kona, na hapo muongozaji mwenye adabu hushusha sauti yake. Ni mahali pa kuomba mvua, uzazi na afya.

Wengine huuliza, mahali patakatifu pawezaje kuwa gereza, na gereza laweza vipi kuwa kimbilio? Mimi sioni kwamba lazima tuchague moja. Pango lina umri wa maelfu ya miaka, na mwanadamu hupita. Babu yaweza kuwa alijificha humo, na baba yake kabla yake akaomba mvua humo, kisha watu wa biashara mbaya wakalitwaa kwa muda. Tena mapango ni zaidi ya moja.

Herman Kiriama, mtaalamu wa mambo ya kale wa Kenya, amechunguza kumbukumbu za utumwa katika kijiji hiki. Ameandika jinsi watu wanavyonyamaza juu ya jambo hilo. Sababu si ngumu kufahamika. Utumwa katika mwambao wa Kenya ulikomeshwa kisheria mwaka 1907 tu. Wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa wanasali msikiti mmoja, wanaoana, wanavua kwa dau moja. Swali moja la mgeni laweza kufunua kidonda ambacho watu wawili walikubaliana kimya kimya kukifunika. Kwa hiyo ukiuliza, "Ni nani aliyefungwa hapa?" utajibiwa kwamba walikuwa watu wa mbali, na ukiuliza, "Ni nani aliyewafunga?" utajibiwa kwamba walikuwa watu wa mbali pia. Labda ni kweli. Labda ni heshima tu ya ujirani.

NYUMBA YA SERIKALI

Karibu na pango pana mabaki ya wakati mwingine. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya Malkia mwaka 1888, ilifanya kituo hapa, kwa kuwa bandari ina maji ya kina na kisiwa huizuia mawimbi. Utawala ulipochukuliwa na Serikali ya Uingereza tarehe 1 Julai 1895, mabwana wa wilaya waliendelea kukaa Shimoni kwa muda, kabla ya makao kuhamishwa kwingine na hatimaye kufika Kwale, juu ya Milima ya Shimba penye hewa baridi. Nyumba ya zamani ya utawala ilikuwa gofu, mizizi ikiwa imeshika kuta. Baadaye Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaitengeneza ili kuhifadhi historia ya mahali. Nasikia raha kuona kwamba nyumba iliyotoa amri sasa yatoa elimu.

KISIWA CHA WASINI NA BUSTANI YA MAWE

Kutoka gatini mashua huvuka mpaka Wasini kwa muda mfupi. Kisiwa kina urefu wa kilomita zipatazo 5 na upana wa kama kilomita 1, nacho hakina barabara wala gari. Sauti usikiazo ni jogoo, adhana, watoto wa chuoni na shoka la fundi wa vyombo. Hakuna mto wala chemchemi ya maji matamu, na tangu kale watu wamekinga maji ya mvua katika mabirika. Mama wa Wasini hajui kumwaga maji ovyo. Na mgeni aliyelelewa penye mfereji hujifunza hapo thamani ya kata moja.

Kabla ya kukaa kisiwani, wakubwa wa Wavumba walikuwa Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa barani ng'ambo ya kusini. Mwenye mji aliitwa Diwani. Mwingereza A. C. Hollis alizikusanya habari zao akazichapisha mwaka 1900, naye aeleza ya kuwa cheo hicho hakikupatikana bure. Mwenye kukitaka alipaswa kufanya karamu kubwa na kuchinja ng'ombe, ndipo akapata haki ya kuvaa viatu vya mti, kukingiwa mwavuli na kupigiwa siwa. Magofu yangalipo Wasini, na katika mchanga huokotwa vigae vya vyombo vya Kichina, dalili ya kwamba watu hawa walikula katika sahani za mbali kabla meli za mvuke hazijaonekana.

Nyuma ya kijiji iko ajabu yenyewe. Ni uwanja mpana wenye mamia ya nguzo za matumbawe, nyingine ndefu kupita mtu, zimesimama kama watu wa sokoni walioganda. Ni mwamba ule ule wa kale niliotaja, uliotafunwa na mvua na bahari. Wakati wa maji mafu waweza kuona nyasi za chumvi na kaa wadogo wakikimbia. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapopevuka, bahari huingia kimya kimya kupitia mikokoni ikaufunika uwanja, na nguzo hubaki zikitokeza vichwa. Mtoto akiona mara ya kwanza hudhani mawe yanazama. Kikundi cha wanawake wa kisiwa kilijenga njia ya mbao kupita katikati ya bustani hiyo, na ada wanayotoza wageni imekuwa msaada kwa mambo ya kijiji. Mwenye kusema kwamba mawe hayazai aende akawaulize akina mama hao.

MGENI ALIYEUNGUA

Mwezi wa Januari 1954 magazeti ya dunia yalitangaza kifo cha Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani. Ndege aliyopanda ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, na siku ya pili ndege iliyokuja kumchukua ikashika moto Butiaba ilipokuwa ikiruka. Kumbe hakufa. Aliokoka, kichwa kimepasuka na viungo vya ndani vimeumia, akajisomea mwenyewe tanzia zake.

Mtu mwingine angekwenda kulala hospitali. Yeye alikuja Shimoni, ambako kambi ya uvuvi ilikuwa imekwisha kutengenezwa kwa ajili ya familia yake na rafiki zake. Mara moto ukazuka porini karibu na kambi. Hemingway, hali mgonjwa, akaenda kusaidia kuuzima. Kwa udhaifu wake akaanguka ndani ya moto, akaungua miguu, kifua, midomo na mikono. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, lakini hakuweza kusafiri kwenda Stockholm kuipokea.

Wavuvi wa kigeni bado huja hapa kwa sababu ile ile iliyomvuta yeye. Mlango wa Pemba una kina cha mamia ya mita karibu na pwani, na humo hupita nduaro, yule samaki mkubwa mwenye pua kama mkuki, ambaye huruka juu ya maji anapopigana na mshipi. Lakini mvuvi wa Shimoni amemjua nduaro tangu babu zake, wala hakungoja kitabu.

BAHARI INAYOLINDWA

Kusini mwa Wasini viko visiwa vidogo vya Kisite na Mpunguti. Mwaka 1973 Serikali ya Kenya ilitangaza bahari hiyo kuwa hifadhi, na mipaka ikarekebishwa mwaka 1978. Sehemu ya Kisite, kilomita za mraba 28, haivuliwi kabisa. Sehemu ya Mpunguti, kilomita za mraba 11, huruhusu uvuvi wa asili. Ukitazama chini kwa kioo utaona samaki wa kila rangi. Pomboo hucheza mbele ya vyombo, na kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita wakitoka bahari ya baridi ya kusini kuja kuzaa penye maji ya vuguvugu.

Isidhaniwe kwamba jambo hili lilipokewa kwa furaha na kila mtu. Mtu aliyerithi mahali pa kuvua kwa baba yake, akiambiwa asivue tena, haoni rangi za samaki; aona sufuria tupu. Wengine waligeuka wakawa manahodha wa kubeba watalii, na wengine walibaki na manung'uniko. Huko Kibuyuni na Mkwiro akina mama wamejifunza kulima mwani. Huufunga kwa kamba majini, wakauvuna, wakauanika na kuuuza. Ni shamba lisilohitaji jembe wala mvua, ingawa maji yakipata joto mno mwani huugua kama mimea mingine. Na katika miaka ya 2020 ujenzi wa bandari ya uvuvi ulianza papo hapo Shimoni. Kijiji kilichokuwa kimya sasa kinasikia mitambo.

NENO KWA WENYE KUSOMA

Tangu mwaka 2001 pango limefunguliwa kwa wageni chini ya uangalizi wa wenyeji, na fedha zake zimesaidia elimu na afya. Hilo ni jema. Lakini fedha zina tabia ya kupenda habari moja tu, ile iuzikayo. Mgeni hulipa ili asikie minyororo. Hakulipa ili asikie habari za bibi aliyejificha na watoto wake, wala za mzee aliyeomba mvua. Hatari iliyopo ni kwamba baada ya miaka michache watoto wa Shimoni wenyewe watajifunza historia yao kwa kuwasikiliza waongozaji wa watalii, na zile habari nyingine mbili zitazikwa pamoja na wazee waliozijua.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu, makarani na vijana wote wa Kwale waliojaliwa kusoma na kuandika. Mwendeeni mzee mmoja kabla ya kusi kuanza. Muulizeni alisimuliwa nini juu ya pango, na nani, na akiwa wapi. Andikeni kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kivumba au Kichifundi chake, wala msimsahihishe. Akinyamaza, andikeni kwamba alinyamaza, maana kimya nacho ni ushahidi. Na waongozaji wa wageni waseme wazi: hili tunalijua, hili tumesimuliwa. Mgeni mwungwana hatadai arudishiwe fedha zake kwa sababu ameambiwa kweli.

Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa. Katika kijiji hiki methali hiyo yapaswa kukumbukwa kuliko mahali popote. Pango litaendelea kuwapo, na maji yataendelea kudondoka darini tone kwa tone. Wenye kulieleza ndio wanaopungua kila mwaka.